Mwinda Kobe wa Mtongwe

Mansur bin Hashim, fundi wa friji na mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Mtongwe, si mtu mbaya. Naanza na hilo mapema, maana nitakayoyasimulia yatamfanya msomaji akunje uso. Ni mtu wa kusaidia, wa kuzika maiti za wengine kwa moyo mmoja, wa kukurekebishia friji na kukwambia utamlipa ukijaliwa. Ila alikuwa na mdomo. Mdomo huo, mwezi wa Ramadhani ulipoingia, ulipata kazi ya kudumu.

Kwetu Pwani anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha huitwa kobe, na hakuna mtaa usiokuwa na mtu aliyejipa kazi ya kuwasaka. Hoteli za chakula haziwezi kufungwa zote mwezi mzima. Wako Wakristo, wako wasafiri, wako wagonjwa na watoto. Basi mwenye hoteli hutundika pazia la gunia mlangoni, ili aliyefunga asitamanishwe na sahani za watu, naye anayekula asikodolewe macho. Ni adabu ya pande zote mbili, tena adabu nzuri. Mansur aliigeuza uwanja wa mawindo.

Baada ya sala ya adhuhuri alipita njiani na bakora yake, kanzu imepigwa pasi, akafika kwenye hoteli ya Margret, mama wa Kikamba anayeuza ugali na maharagwe karibu na kituo cha bodaboda. Hapo alitia ncha ya bakora kwenye pembe ya gunia, akalifunua taratibu, akachungulia. Akimwona Mwislamu anayemjua, alimsalimu kwa jina lake na la babake, kwa sauti ileile ya kuadhinia: "Asalaam aleikum, fulani bin fulani. Shibe njema!" Kisha aliliachia gunia na kwenda zake. Vijana wa bodaboda walicheka mpaka wakashika mbavu, na kabla ya futari mtaa mzima ulikuwa na habari.

Hakuna aliyemuuliza, hata siku moja, kama aliwahi kumuuliza mtu ana nini kabla ya kulitaja jina lake.

Mwaka juzi alimfunua Mwidani. Huyu Mwidani ni mkulima wa mihogo, mtu mzima na mpole, ambaye wazee wake walilima huku ng'ambo ya feri kabla haijakuwepo feri. Alikuwa na sahani ya ugali mbele yake, tonge liko mkononi. Mansur akasema maneno yake, vijana wakayadaka. Mwidani alilirudisha tonge sahanini, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akatoka na chakula akakiacha palepale. Toka siku ile hakuonekana tena msikitini kwetu. Ilisemekana anapanda gari kwenda kusali Ng'ombeni. Mansur aliposikia alisema haya imemwingia, akaona kwamba amefanya jambo la maana.

Ugonjwa ulimjia Mansur miezi michache kabla ya Ramadhani ya mwaka huu. Ulianza kwa tumbo la kuendesha, akamlaumu samaki. Akaacha samaki, tumbo likaendelea. Halafu ikaja damu. Choo kilimwita saa yoyote, na kikimwita hakingoji. Mwadhini mzima alitia udhu bombani, na kabla hajainuka pale alipoinama, udhu umeshamtoka. Alijiona najisi. Aliona aibu mbele ya watu, na aibu mbele ya Mola wake, na hiyo ya pili alikuwa hana pa kuificha.

Zahanati ziko tele Likoni, lakini kila zahanati ya Likoni ina binti wa mtu mezani, na binti wa mtu ana mama. Mansur akapanda gari la barabara ya Dongo Kundu mpaka Port Reitz, ambako hajulikani. Daktari aliyempata alikuwa mwanamke wa bara, Valarie, rika la kitinda mimba wake.

"Mzee, kwa siku unaenda choo mara ngapi?"

Mansur akalitazama dirisha. "Mara kadhaa."

"Kuna damu?"

"Kuna wekundu."

"Damu, mzee."

"Haya, mwanangu. Damu."

Akapelekwa kwenye kipimo cha kamera, na kamera yenyewe ilipitishwa mahali ambapo Mansur hajapataja mpaka leo, nami sitapataja. Majibu yalipotoka daktari alimwonyesha picha. Utumbo wake mpana ulikuwa mwekundu, umevimba, una vidonda pembe zote.

"Nani kanifanyia haya?" Mansur aliuliza. Alikuwa amekwisha kuwapitia moyoni wote aliowahi kuwafunulia gunia, akijiuliza ni yupi kati yao aliyekwenda kwa mganga.

"Hakuna aliyekufanyia," Daktari Valarie alisema. "Wala hukuambukizwa. Ni mwili wako wenyewe."

Akavuta kiti karibu akamweleza, na kwa hilo namsifu yule binti, maana wengine huandika dawa na kuita anayefuata. Alimwambia kwamba kila seli ya mwili ina jeni, nazo jeni ni maagizo. Hazisomwi zote kwa pamoja. Ziko protini ambazo kazi yao ni kuziwasha jeni hizi na kuzizima zile. Mojawapo hukaa ndani ya seli ikiwa imefungwa, nje ya kiini, haina neno na mtu. Kidudu kibaya kikiingia, inafunguliwa, inakimbilia kwenye kiini, inazishika jeni za uvimbe na kuziwasha. Seli hapo huanza kutoa ishara za kuita askari wa mwili. Askari wanakuja, damu inajaa, mahali panakuwa pekundu na pa moto, kidudu kinauawa. Kazi ikiisha, ile protini inatakiwa itoke kwenye kiini ikafungwe tena, na jeni zile zinyamaze.

"Kwako hainyamazi," alisema. "Zile ishara zinazotolewa zinarudi kuiamsha yenyewe, nayo inatoa nyingine. Adui hayupo, lakini askari wanazidi kuitwa. Wakifika, wanaupiga utumbo wako."

Mansur akaitazama tena ile picha. "Ni thamostati," akasema. "Friji imepoa zamani, lakini thamostati haikati. Mashine yaenda tu, mpaka barafu inapasua kila kitu."

"Ni hivyo, mzee. Kwa nini ikakupata wewe, hatujui yote. Kuna kiasi mtu anarithi, na mengine bado yanatafutwa."

Akampa dawa za aina mbili. Za kwanza ni steroidi, za kumeza asubuhi baada ya kula. Hizo, alisema, zinaingia kwenye seli na kuiamsha protini nyingine ya kazi ileile ya kuwasha na kuzima, protini ya kutuliza, ambayo huingia kwenye kiini na kuizuia ile ya kwanza isiwashe. Za pili ni za mara tatu kwa siku, na maji mengi. Kisha akamwambia mambo mawili yaliyomshusha Mansur mabega. Asifunge mwaka huu, kwa sababu amepoteza damu na maji. Na zile steroidi asiziache ghafla hata akijiona mzima. Zitapunguzwa polepole na daktari mwenyewe.

"Inshallah," Mansur akajibu, kwa namna tunavyoijibu inshallah tukiwa tumeshaamua vingine.

Nikiri kwamba hapa hunipanda hasira. Dini yenyewe imemfungulia mgonjwa mlango wazi. Ale, alipe siku nyingine, na asiyeweza alishe masikini. Mansur aliyajua hayo, na aliwasomesha watu hayo msikitini kila Shaabani. Lakini kula kungemlazimu aseme anaumwa, na sisi mtu akisema anaumwa humuuliza anaumwa nini. Angejibu nini? Afadhali afe na swaumu yake, akaona, kuliko vyoo vyake kutajwa kituo cha bodaboda.

Basi akafunga. Siku za mwanzo alimeza steroidi wakati wa daku. Halafu, kwa kuona tumbo limetulia, akaziacha zote akaziweka juu ya kabati. Tumbo halikuchelewa kumjibu. Alirudi kuwa mtu wa kwenda chooni na kutoka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Adhuhuri moja alisimama mbele ya kipaza sauti kuadhini kama kawaida. Akafika kati ya adhana, kwenye kuita watu waje kwenye kufuzu, na sauti ikakatika. Mtongwe nzima tulisubiri. Hakukuja kitu. Baadaye kidogo mtu mwingine akaimalizia.

Mansur alisema spika imeharibika. Fundi wa friji alikaa na bisibisi mbele ya spika ya msikiti isiyo na kasoro, akaifungua na kuifunga, watu wakimpa pole kwa kazi. Aliniambia baadaye kwamba katika yote yaliyompata, hilo la kujifanya anatengeneza spika nzima lilimuuma kupita kamera.

Aliyemaliza mchezo alikuwa mkewe, Swabra. Alikuta kikoi kimefichwa chini ya ndoo, kimelowa damu. Hakupiga kelele. Alimfuata chumbani akakaa kitandani, kile kikoi mkononi.

"Baba Hashim, hii nini?"

"Niachie, mama Hashim."

"Sikuachii. Nimekuona wakonda, nikasema ni swaumu. Hii si swaumu."

Akamweleza, uso umeelekea ukutani. Swabra akasikiliza mpaka mwisho, akainua mkono akazishusha dawa kutoka juu ya kabati.

"Mungu amekupa ruhusa," alisema. "Daktari amekwambia ule. Sasa wajinyima kwa ajili ya nani?"

Mansur akanyoosha mkono kukichukua kile kikoi.

"Kwa ajili ya akina Jafar wa bodaboda," Swabra akasema. "Wallahi, huna haya."

Swabra alipiga simu Port Reitz mwenyewe, akaambiwa mgonjwa azianze dawa leo hii na arudi kuonwa. Tatizo likawa mahali pa kula. Nyumba yao ni ya vyumba vingi, wapangaji wanapitana ukumbini, na mjukuu wao mdogo ni redio, hana siri. Kibanda cha friji kiko wazi kwa barabara. Hoteli ya karibu yenye pazia mlangoni ilikuwa moja tu, na Mansur aliijua vizuri.

Alikwenda hoteli ya Margret kwa kupitia nyuma, kwenye uchochoro wa maji machafu, kanzu ameikunja mkononi. Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa na magunia ya makaa. Ikambidi azunguke mbele. Alingoja mpaka bodaboda zote zimeondoka na abiria, halafu akalisukuma gunia kwa bega na kuingia kama mwizi.

Ndani palikuwa na giza la kivuli, na benchi moja lenye nafasi. Upande wa mlangoni alikuwa amekaa Mwidani.

Mansur alitaka kurudi nyuma. Lakini nje bodaboda ya kwanza ilikuwa imesharudi. Mwidani alimtazama tu, akasogea kidogo kwenye benchi. Margret akaja akifuta mikono kwenye aproni.

"Karibu mzee. Leo umeingia mzima mzima, si fimbo peke yake," akasema, bila ubaya, akamletea uji na mayai.

Mansur akanywa uji, akameza vidonge. Mwidani alikuwa akirudisha sindano ndogo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Tumbo," Mansur akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. Hakuwa ameulizwa.

"Pole," Mwidani akajibu. "Mimi ni sukari."

"Tangu lini?"

"Miaka. Nikikaa na njaa na hii sindano naanguka."

"Na mwaka juzi, siku ile..."

"Mwaka juzi pia," Mwidani akasema.

Mansur alisema siku ile ndipo alipojua aibu ni kitu cha mwilini, kina moto wake. Masikio yalimwaka. Alikuwa ameambiwa na daktari juu ya kitu ndani yake kinachopiga kelele ya adui mahali pasipo na adui, mpaka kikaunguza nyumba yake chenyewe, na akakaa pale akaona kwamba ndivyo alivyokuwa yeye, na bakora yake, kwenye kila pazia la Mtongwe. Alifungua kinywa aseme neno.

Hapo vikasikika vicheko nje, na pembe ya gunia ikaanza kuinuka kwa fimbo.

Mwidani akasimama. Alisimama mlangoni kabisa, mwili wake umeziba nafasi yote, na nyuma yake Mansur akajikunja juu ya bakuli, kofia ameivua, yai liko kinywani.

"Asalaam aleikum, Mwidani bin Chai!" Ilikuwa sauti ya Jafar, lakini ilivutwa vilevile anavyoivuta Mansur, mpaka kwenye yale mapumziko madogo kabla ya jina la baba. "Shibe njema!"

Nje wakaangua kicheko. Mwidani hakuondoka mlangoni. Alingoja gunia lishuke na vicheko viondoke, akarudi kukaa.

Mansur alijua alipaswa kusimama. Alipaswa kusema neno moja tu, na Jafar angemsikia, maana Jafar alilelewa na sauti ile. Hakusimama. Alikaa na lile yai mdomoni kama mtoto aliyeiba, hakulitafuna wala hakulimeza.

"Kwa nini umenikinga?" aliuliza baadaye.

Mwidani akanawa mkono. "Mlango ulikuwa upande wangu," akasema, akaaga na kwenda shambani.

Alasiri ile, msikitini, Jafar na wenziwe walimfuata Mansur barazani wakiwa na furaha. "Maalim, leo tumemnasa tena yule Mwidani! Tumesema vilevile kama wewe." Wakamtazama wakingoja acheke. Walikuwa wamemletea habari ile kama zawadi. Mansur akavaa makubadhi yake na kuondoka, nao wakadhani swaumu imemzidi.

Nyumbani Swabra alimuuliza kama amekula. Amekula. Dawa? Amemeza. Mbona basi uso uko hivyo? Akamsimulia yote, na la yai pia. Swabra alikuwa akikuna nazi ya futari, hakuinua kichwa.

"Na kesho utala wapi?" akauliza.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Mansur alishuka njia ya mbele, mchana kweupe, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Vijana walimwona kwa mbali wakaacha pikipiki zao. Ilikuwa siku nyingi hawajamwona kazini.

"Maalim, yumo!" Jafar alimnong'oneza, akimwonyesha gunia. "Nimemwona akiingia sasa hivi."

"Najua," Mansur akasema. "Nami nimekuja kula."

Wakacheka. Mansur ana mizaha, walijua. Jafar alicheka mpaka akajishika kwa mwenzake. Mansur akangoja. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye ukingo wa kofia. Halafu akatia ncha ya bakora kwenye pembe ya gunia, akaliinua, na kwa sauti ileile ya adhana, sauti iliyofika mpaka dukani kwa muuza mkaa, akasema:

"Asalaam aleikum, Mansur bin Hashim! Shibe njema!"

Hakuna aliyecheka.

"Utumbo wangu una vidonda," aliwaambia, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Natokwa na damu. Jana nilikuwa humu ndani, nyuma ya Mwidani, mkiniita kwa jina lake." Akatazama chini. Jafar aliitazama fimbo aliyokuwa nayo yeye, akaishusha nyuma ya mguu.

Mansur akaingia. Mwidani alikuwa amekwisha kusogea kwenye benchi, na safari hii alikuwa amemwachia upande wa mlango. Margret akaleta uji bila kuulizwa. Mansur aliweka vidonge mezani, akavitazama.

"Rudi msikitini, Mwidani," alisema.

Mwidani akamega tonge, akalitafuna taratibu, akalimeza. "Kule Ng'ombeni nimeshazoea."

"Basi niwie radhi."

Nje pikipiki moja ikawashwa, ikaondoka polepole. Mwidani akalisogeza bakuli la uji mpaka mbele ya Mansur.

"Kula kwanza," akasema. "Uji wapoa."